Mkanda wa Koti Refu

Chang'ombe, Dodoma
8 Februari 2025

Mdogo wangu Yohane,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utashangaa kupokea mkanda wa video uliofungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Nimeufunga hivyo kwa sababu watu wa basi wanarusha mizigo. Kile kifurushi kingine ni mlenda wa kukausha na karanga kidogo. Mlenda ni wa mkeo. Sijui kama anakula, lakini nimetuma.

Sisi huku tunasukuma siku. Mvua zilikawia, kisha zikaja kwa mafungu. Mtama wa Mama Asnath hapo jirani umesimama vizuri kuliko wetu, naye hachoki kunikumbusha. Mimi magoti yananisumbua ila kanisani nafika. Baba yupo.

Mkanda wenyewe utaujua hata kabla hujaufungua. Jina la Kizungu lilichanika na kava zamani, limebaki lile aliloliandika baba kwa wino: KOTI REFU. Ndio ule wa kauboi aliokuwa akiusimulia ukumbini kigangoni, Jumapili mchana baada ya ibada, yeye na kipaza sauti chake, wewe umekaa sakafuni karibu na deki, mimi nauza ubuyu mlangoni. Nikifumba macho bado namsikia: "Tazameni, wapendwa. Mzee Yakobo anamvisha mwanawe Yusufu koti. Je, ndugu zake wanaona?" Na ukumbi mzima unaitika, "Wanaona."

Sasa baba anataka kuiona tena hiyo picha. Deki bado ninayo, lakini nikiweka mkanda inatoka chenga tupu, na sauti kama mtu anakaanga vitumbua. Fundi wa hapa alinitazama kana kwamba nimemletea jembe la mawe. Nimesikia kwamba wewe huko Kondoa una chumba cha filamu, kwamba unawawekea watu picha kwenye flashi, na kwamba mikanda ya zamani unaiweza. Nani kaniambia, usiulize.

Ningepiga simu. Namba niliyo nayo haipatikani, na hata ingepatikana, mimi na wewe kwenye simu tulishajaribu. Unasema "ndiyo dada", "sawa dada", halafu salio linaisha. Barua hata ukikasirika utaisoma mpaka chini.

Nakuombea kila siku, na mkeo pia namtaja kwa jina.

Dada yako,
Germana


Kondoa
14 Februari 2025

Dada Germana, shikamoo.

Mzigo nimeupata. Mlenda umepikwa siku ileile. Kuluthumu anashukuru, anasema wa kwao una mkono mwingine ila huu nao unateleza vizuri.

Mkanda ulikuwa na ukungu. Nimeufungua, nikaupangusa kwa pamba na spiriti, nikaupitisha kwenye deki yangu hadi kwenye flashi. Pale wanapovuka mto umesagika, hapo hapana dawa. Kwa hiyo nimekuwekea na kopi ya pili, niliyokuwa nayo kwenye CD mbili za Kichina. Nakueleza tofauti zake usije ukadhani nimekutumia kitu kimoja mara mbili.

Ya mkanda rangi zimechoka, watu wote wana nyuso nyekundu kama nyanya, lakini hadithi imekamilika. Ya CD ni kali, mto unauona wote mpaka kokoto, ila ina maandishi ya Kichina chini, na CD ya kwanza inaishia katikati ya mapigano. Unaacha mtu kanyanyua bunduki, ukiweka ya pili kashazikwa. Ipo nyingine pia, kwenye ile diski ya filamu thelathini kwa moja. Hiyo sikuiweka. Wameikata mno, kijana anapewa koti na papo hapo limeshachakaa.

Ila mwisho wake kote ni uleule. Nimetazama kopi zote. Kijana anapanda farasi, nyumba iko nyuma yake, mlango umefungwa. Mzee hatoki.

Mwambie baba picha ni safi. Na kama aliitaka kweli, angeweza hata kukupa salamu uniandikie. Nimeisoma barua yako tena kuitafuta, sikuiona.

Yohane


Chang'ombe
22 Februari 2025

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Flashi imefika, Mungu akubariki mikono. Sasa kaa chini nikueleze kwa nini hukuona salamu.

Baba hasemi. Alianguka mwezi wa kumi akifunga dirisha la chumbani kwake. Upande wa kulia ukaenda, na sauti ikaenda nao. Muuguzi anasema akili ipo, anasikia kila kitu, na mimi ninajua ipo kwa sababu nikichelewesha chai ananiangalia vilevile kama zamani. Lakini neno halitoki. Mtu aliyekuwa akisomea watoto katekisimu mpaka wa mtaa wa pili wanasikia, leo anaita kwa kugonga stuli na fimbo.

Niliandika "Baba yupo" nikaishia hapo. Uongo sikuutaka na ukweli niliuogopa. Nilitaka uje kwa kutaka, Yohane, usije kwa kuitwa na ugonjwa. Watu wakiitwa na ugonjwa wanaingia na nyuso za msibani, mgonjwa anajua.

Na kusema kwamba anaitaka picha si maneno yangu. Kulikuwa na farasi kwenye runinga siku moja, tangazo tu la kitu gani sijui. Akagonga stuli. Akaonyesha farasi, kisha kwa mkono wake mzima akafanya kama mtu anayevishwa koti. Akarudia mpaka nikaelewa.

Basi nikamwekea hizo zako. Nikaanza na ya mkanda. Alifurahi mwanzoni, halafu akaanza kugonga. Nikaweka ya CD, akagonga zaidi. Nilidhani ni Kichina kinamuudhi. Baadaye ndio nikaelewa. Picha inakwenda, Wazungu wanasema, na hakuna anayewasemea. Nikajaribu mimi. "Tazameni, wapendwa," nikasema. Alinitazama kana kwamba nimeunguza maharage ya harusi, nikaacha mwenyewe.

Unayeyajua maneno yake yote ni wewe. Ulikuwa unayasema chini chini pale kwenye deki kabla yeye hajayasema, ukidhani hatukuoni.

Njoo, mdogo wangu. Dodoma na Kondoa si Ulaya.

Germana


Kondoa
3 Machi 2025

Dada, shikamoo. Pole. Pole kwa kumhudumia peke yako.

Kuhusu baba sijui niandike nini, kwa hiyo naandika kuhusu picha.

Kuna mwalimu wa sekondari hapa anaitwa Halfani, mteja wangu. Amerudi kutoka Dar na kopi mpya ya Koti Refu, wanasema imesafishwa na wenyewe waliotengeneza. Dada, hujawahi kuona kitu kama hicho. Vumbi unaliona punje kwa punje, na koti kumbe si jeusi, ni kijani iliyoiva. Nimekuwekea kwenye flashi hii. Kasoro yake ni moja, ina mistari myeusi mipana juu na chini, picha inabanwa katikati. Wateja wangu wote wanailalamikia. Dawa yake ni rahisi, bonyeza kile kitufe cha rimoti kinachojaza kioo, nimekichora hapo chini. Mistari itaondoka.

Sasa hili la pili ndilo lililonikalisha. Kopi hii ina maandishi ya Kiingereza, na Halfani alinisomea yote. Yule mzee si baba yake. Ni tajiri wa ng'ombe. Kijana ni kibarua wake, na koti alipewa kama ujira wa msimu. Hakuna Yakobo wala Yusufu. Baba alitunga yote, na sisi tukakua nayo.

Unakumbuka aliniambia nini asubuhi ile. "Ukienda kumwoa huyo binti bomani, mimi nitakuwa yule mzee wa Koti Refu. Mlangoni sitoki kukuaga." Nilipofika kwenye mashine ya kusaga niligeuka. Alitimiza. Nimeishi na mfano ule miaka yote hii, kumbe hata mfano wenyewe haukuwa wa baba na mwana. Ulikuwa wa bosi na kibarua.

Nyumbani hapa wameanza kufunga, mwezi umeandama. Jumatano nami naanza Kwaresima. Sufuria ya mchana itapumzika kabisa.

Asali niliyofunga pamoja na flashi ni ya baba kwenye uji. Usimwambie imetoka wapi.

Yohane


Chang'ombe
16 Machi 2025

Yohane,

Asali nimempa, na nimemwambia imetoka wapi. Amemaliza bakuli.

Noeli, kijana wa Mama Asnath, yule ambaye sasa ana mke na kitambi, alikuja akabonyeza kitufe ulichochora, mistari ikaondoka na kioo kikajaa. Ni picha nzuri kweli. Lakini ikifika mwisho, pale kijana anapopanda farasi, baba anafumba macho. Kila mara. Hata kwenye zile mbili za kwanza alifumba. Anayafumbua ikishazimwa. Sijui kwa nini.

Na hilo la tajiri wa ng'ombe lisikusumbue sana. Kizungu baba hakukijua. Alichokijua ni kitabu cha Mwanzo. Ameona mzee anamvisha kijana koti refu mbele ya wengine wenye wivu, ulitaka aseme nini? Alisema anachokijua. Nami nikwambie, nimeiangalia sura ya yule mzee anapofunga vile vifungo. Kama ni bosi, basi ni bosi aliyesahau kwamba ni bosi.

Kuhusu asubuhi ile uliyoitaja, sitaki tuifukue. Mimi nilikuwepo, wewe ulikuwepo. Uliona ulichokiona, na bado ukaenda zako na hukurudi. Hapo nilikulaumu kidogo moyoni, nisikufiche, ila nilishakusamehe.

Nimemwomba Mama Maria atusaidie. Ukimya wa mmoja unatosha nyumba moja, msiwe wawili.

Dada yako,
Germana


Kondoa
5 Aprili 2025

Wifi yangu Germana,

Asalaam aleikum, na shikamoo, maana hata kama hatujaonana macho kwa macho wewe ni mkubwa wangu. Mimi ni Kuluthumu. Idd tumekula salama. Yohane hajui kama naandika, bahasha hii nitampa kondakta mwenyewe. Mwandiko utanisamehe, shule yangu iliishia la saba na kazi yangu ni kuuza vitunguu.

Barua yako ya mwisho ameiweka chini ya mto na hajibu. Nimemwuliza, ananiambia "nitaandika". Mchana wateja wakienda kuswali anabaki pale chumbani kwake cha filamu anafungua ule mwisho wa kauboi. Anauangalia, anauzima. Kesho tena. Mimi si mtu wa filamu, wifi, lakini mtu wangu namjua.

Sasa siku ya pili ya Idd nilikuwa nafuta vumbi pale, nikaikalia rimoti. Picha ikajibana, mistari myeusi ikarudi juu na chini. Nikaita, "Baba Emiliana, nimekuharibia." Akajibu toka nje, "Acha, nakuja kuijaza." Nikamwambia kabla hujaijaza, huyu babu wa hapa pembeni ni nani? Akasema hakuna babu. Nikamwambia njoo.

Alikuja, akaangalia, akakaa chini sakafuni karibu kabisa na kioo kama mtoto. Mlango wa nyumba umefungwa, hilo ni kweli. Lakini kushoto, mwisho kabisa, kwenye kona ya zizi, yule mzee amesimama. Kofia ameivua, ameishika kifuani. Anamwangalia kijana anavyoondoka, na kijana hageuki upande huo.

Yohane akafungua kopi zake zote kwa zamu. Mkanda, CD, hiyo ya thelathini. Kote mzee hayupo. Akamwita mwalimu Halfani. Mwalimu akacheka, akasema picha hizi zilipigwa pana tangu mwanzo, runinga za zamani zilikuwa nyembamba, basi wakawa wanakata pembeni ili zienee. Mistari myeusi si kasoro, ndiyo inayoonyesha kwamba picha imekuja nzima. Tukibonyeza kujaza, tunakata wenyewe.

Yohane akasema, "Ni filamu tu." Na hajala vizuri tangu hapo.

Nakuuliza kitu, wifi, na unijibu kweli. Siku ile alipoondoka kuja kwetu, mzee alikuwa wapi? Wewe ulikuwepo. Kama alikuwa ndani, niambie, nitanyamaza na sitauliza tena. Na sisi Yusufu tunaye kwenye Kitabu chetu. Yule baba alilia mpaka macho yakawa meupe, lakini ndani ya nyumba yake, mwana hakujua.

Emiliana ndiye mtoto wetu wa kwanza. Jina la mama yenu alilitaka yeye, nami sikuona ubaya.

Wifi yako,
Kuluthumu


Chang'ombe
9 Aprili 2025

Yohane mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Kuna mtu ameniandikia, simtaji. Nimesoma nikakaa kwenye kizingiti, nimeacha dengu zikaungua.

Mimi miaka yote hii nilidhani ulimwona.

Asubuhi ile nilikuwa uani naanika nguo. Ukuta wa Mama Asnath ulikuwa haujaisha, wa tofali za kuchoma, umefika kiunoni. Baba alitoka kwa mlango wa uani. Akapita nyuma ya choo, akasimama kwenye kona ya ule ukuta. Akavua kofia. Nilimwona mdomo unakwenda, nadhani alikuwa anasali, ila sikusikia. Alisimama mpaka ukapinda pale kwenye mashine, na ulipokwisha kupinda aliendelea kusimama, mpaka nikaona haya kumtazama nikaingia ndani.

Nilikuona umegeuka. Nikajua mmeonana. Ndiyo maana nilikulaumu, nikasema mtu kaona baba yake amesimama vile, kofia mkononi, na bado akaenda. Kumbe ulitazama mlango. Mlangoni hakuwepo. Alikuwa ameapa kutotoka mlangoni, na baba yetu akiapa unamjua. Alipitia uani ili asivunje.

Nami sikumwambia baba kwamba hukumwona, kwa sababu sikujua. Sijui yeye amefikiri nini miaka yote hii. Labda naye anadhani ulimwona.

Ukumbini hakusimulia tena baada ya wewe kuondoka. Alisema deki haina mtu.

Germana


Kondoa
17 Aprili 2025

Dada, shikamoo.

Kuluthumu amekiri mwenyewe kuhusu barua. Sikumgombeza.

Nakuja Jumamosi ya baada ya Pasaka, na basi la asubuhi. Usimwambie baba, nikishindwa njiani asije akangoja bure.

Noeli asiguse rimoti.

Yohane


Chang'ombe
29 Aprili 2025

Wifi yangu Kuluthumu,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Yohane amekwisha kufika huko na najua hatakuambia hata nusu, kwa hiyo naandika mimi. Ulifanya vizuri kumwacha atangulie peke yake, ingawa nilikupikia.

Hakuanza vizuri. Aliingia, akasema, "Shikamoo, baba." Baba akageuza uso ukutani. Shikamoo ikabaki hewani. Hata angetaka kuitikia hana sauti ya kuitikia, na sisi hatukujua kama hataki au hawezi. Yohane akakaa. Nikaleta chai, ikapoa. Nilisali rozari nzima kwa vidole mfukoni mwa gauni.

Halafu akainuka akachomeka flashi. Nilikuwa nimewaalika watu wawili watatu tu wa ukumbi wa zamani, Mama Asnath na Noeli na mkewe, kusudi nyumba isiwe na baridi. Picha ikatokea na mistari yake myeusi. Noeli hakujizuia. "Kaka, jaza kioo hicho, mistari inakula picha." Yohane akamwambia, "Safari hii tunaiacha." Mama Asnath akanong'ona kwamba mwenye duka la filamu hajui rimoti.

Yohane hakukaa kwenye kiti. Alisimama pembeni mwa runinga, mahali baba alipokuwa akisimama. Akasafisha koo. "Tazameni, wapendwa. Mzee Yakobo anamvisha mwanawe Yusufu koti. Je, ndugu zake wanaona?"

Hakuna aliyeitika kwa sababu sote tulikuwa tunamwangalia baba. Uso ulikuwa umerudi kutoka ukutani. Ndipo Mama Asnath, bila kupenda, akasema, "Wanaona."

Wifi, alisimulia yote. Sauti si ya baba, ila vituo ni vya baba. Alipokosea, baba aligonga stuli. Pale anapotokea farasi Yohane alipita moja kwa moja, fimbo ikagonga. Akasimamisha picha, akafikiri. "Ee, farasi. Farasi huyu anaitwa Karani, kwa sababu hachoki kutumwa." Fimbo ikatulia. Noeli alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, kicheko cha kwanza ndani ya nyumba hii tangu mwezi wa kumi. Habari za tajiri wa ng'ombe Yohane hakuzigusa kabisa. Mzee alibaki Yakobo.

Tukafika mwisho. Kijana akapanda farasi, na baba akafumba macho kama kawaida yake.

Yohane akasema, "Baba, fumbua. Haijaisha."

Hakufumbua. Yohane akasimamisha picha, akaja akapiga magoti mbele ya kiti. "Fumbua kidogo tu." Baba akafumbua. Yohane akarudi kwenye runinga, akaweka kidole pale ulipopaona wewe, kushoto, kwenye kona ya zizi. Akasema kwa ile sauti ya ukumbini, "Yakobo alitoka, wapendwa. Alipitia uani. Ni picha yetu ndiyo ilikuwa haifiki."

Baba alitazama muda mrefu. Picha hiyo aliisimulia miaka na miaka, wifi, na miaka yote aliwaambia watu kwamba mzee hakutoka. Mama Asnath akauliza, "Huyo mtu mlimficha wapi siku zote?" Baba akapeleka mkono wake mzima kichwani, akavua kofia, akaiweka mapajani. Kisha akanyoosha mkono kwa Yohane, na Yohane akaushika. Nilikwenda jikoni. Nilikuwa na kazi jikoni.

Siku mbili alizokaa, yeye ndiye aliyemlisha uji. Jana asubuhi alipochukua mfuko wake kuondoka, baba akagonga stuli kwa nguvu, akaonyesha nje. Nikadhani anataka jua, nikaanza kumsogeza kuelekea uani. Akagonga tena. Alionyesha mlango wa mbele.

Tukambeba na kiti chake mimi na Noeli, tukamweka kizingitini. Yohane alikwenda, hatua zake zile za haraka, nikaogopa hatageuka. Alipofika kwenye mashine ya kusaga akageuka. Baba alikuwa mlangoni, kofia mkononi, ameinyanyua juu kadiri mkono unavyofika. Yohane alisimama pale katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli akamtukana.

Sasa nina shida moja, nawe ndiye utakayenisaidia. Tangu jana baba amekataa kuvaa kofia. Nikimvalisha anaivua, anaiweka mapajani, anatazama njia. Nikamwambia Yohane amekwishafika kwao. Akatikisa kichwa. Akaonyesha kile kiti cha pili, cha marehemu mama, kisha akaonyesha njia tena. Nikamtajia jina lako. Akagonga stuli, taratibu, kama mtu anayeitika.

Basi njoo na watoto, wifi. Upepo wa Dodoma umeanza, na kichwa cha mzee kiko wazi.

Wifi yako,
Germana